Miaka Arobaini ya Listingi: SECOPE kwa Macho ya Kalemie

Mwaka 2025 ofisi moja ya dola ya Kongo ilifikisha umri wa miaka arobaini, na sikusikia ngoma yoyote ikilia kwa ajili yake. Ilizaliwa mwaka 1985, enzi za Mobutu, ikapewa jina refu la Kifaransa lililofupishwa kuwa SECOPE: huduma ya kuwadhibiti na kuwalipa walimu. Leo ina jina jingine, DINACOPE, lakini jina jipya limebaki kwenye mihuri. Mwalimu wa Kalemie, awe anakaa upande huu wa mto Lukuga au upande wa pili, ukimuuliza habari ya mshahara atakwambia bado “Sekope”.

Tarehe 30 Aprili, siku ya walimu katika nchi yetu, watu huvaa vitambaa vya sherehe, hupita mbele ya wakubwa, na hotuba humshukuru Mungu, Rais, gavana, wazazi na hata askari wa barabarani. SECOPE hutajwa jioni, meza zikishachangamka, na hutajwa kwa manung’uniko. Nadhani inastahili zaidi ya hayo. Kwa miaka arobaini hakuna chombo kilichoamua zaidi ya hicho nani ni mwalimu katika Kongo na nani anasimama tu mbele ya watoto na chaki mkononi. Haikuundwa kwa kazi hiyo. Iliundwa kuhesabu watu.

Daktari wa Kongo ana chama chake cha kisheria, kile kinachoitwa Ordre, kinachomwandika jina na kinachoweza kulifuta. Wakili ana baro yake. Mwalimu hana baraza la aina hiyo. Ana diploma, ana barua ya kupangiwa shule, na juu ya yote ana matrikule, ile nambari ya SECOPE inayomwingiza kwenye listingi ya mishahara. Aliye na matrikule ni mwalimu. Asiye nayo, hata akifundisha miaka kumi, anaitwa NU, yaani “kitengo kipya”, na anaweza kuzeekea ndani ya upya huo. Yupo na wa tatu, anayeitwa NP: nambari anayo, mshahara hana. Taifa lililokabidhi daftari la mishahara kazi ya kutoa leseni ya ualimu lisishangae likikuta maadili ya ualimu yanapanda na kushuka pamoja na mshahara.

Kabla ya SECOPE aliyejua mwalimu ni nani alikuwa padri. Kusini mwa Kalemie, mdomoni mwa mto Lufuko, iko Mpala. Luteni Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo hapo mwaka 1883, na miaka miwili baadaye kikakabidhiwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Kwa hiyo shule katika pwani yetu ya Ziwa Tanganyika ni ya zamani kuliko mji wenyewe, maana Albertville, mji tunaouita Kalemie tangu 1966, ulichipuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, reli ya kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915. Mpala walifunzwa makatekista, na huko Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, leo Moba, akiwa Mkongomani wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji, alisoma. Mwalimu wa zama hizo alikuwa katekista kwanza, na mwalimu wa kusoma na kuandika baadaye. Aliajiriwa na misheni, alipangwa na misheni, na kama alioa mke wa pili aliondolewa na misheni. Hakukuwa na barua ya kumwomba maelezo. Nyumba yake yote ilikuwa faili.

Dola ilikuja taratibu. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo na Vatikani vilitia sahihi mkataba: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule na kupeleka programu zake kwa gavana mkuu. Mwaka 1929 Wabelgiji wakachapisha kanuni zilizojulikana kama Kijitabu cha Njano. Humo ruzuku ilitolewa kwa shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, na hiyo ilimaanisha hasa Wakatoliki, kwa sharti zifuate programu ya serikali na zikubali kukaguliwa. Ila mkaguzi wa kila siku alikuwa mmisionari vilevile. Waprotestanti walisubiri ruzuku hadi baada ya Vita vya Pili. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika zilikuja wakati wa waziri Auguste Buisseret, kuanzia 1954, na ugomvi mkubwa ukazuka Ubelgiji na Kongo. Katika mambo ya ualimu, kipindi hicho kilituachia desturi moja ambayo haijatoka mpaka leo: anayelipa ni mmoja, anayeajiri na kuhukumu ni mwingine.

Miaka ya kwanza ya uhuru naipita haraka, ingawa watu wa hapa hawakuipita haraka. Mji wetu ulikuwa makao makuu ya jimbo la Katanga ya Kaskazini. Mwezi Juni 1964 waasi wa Simba waliingia, Jason Sendwe aliyekuwa kiongozi wa jimbo akauawa, na mwisho wa Agosti mji ukachukuliwa tena na jeshi la serikali na mamluki. Walimu wa Kibelgiji walikuwa wamekwisha kuondoka kwa wingi, na katika nchi nzima madarasa ya sekondari yalikalishwa walimu walioletwa kutoka nje, wakiwemo Wahaiti wengi. Mwaka 1967 ukaja mtihani wa dola, na pamoja nao diploma ya dola, karatasi ambayo tangu hapo ndiyo mlango wa kwanza wa ualimu. Aliyemaliza miaka sita ya sekondari katika ualimu akaitwa D6, na mpaka leo katika shule zetu za msingi mtu huulizwa “wewe ni D6?” kama anavyoulizwa kabila.

Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizitwaa shule zote za makanisa. Somo la dini likafutwa, siasa ya chama ikaketi mahali pake. Haikuchukua muda dola ikagundua kwamba kuendesha shule ni zaidi ya kubadilisha vibao vya majina. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi Makubaliano na makanisa, Katoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu, na baadaye Waislamu wakaingia pia. Toka siku hiyo tuna kitu kinachoitwa shule ya makubaliano: kisheria ni shule ya umma, dola inalipa walimu, inaweka programu na inakagua, lakini kanisa linaisimamia na kupanga watu kupitia ofisi yake ya koordinasyo. Shule nyingi za Kongo ziko katika fungu hilo. Jimbo Katoliki la Kalemie-Kirungu lina koordinasyo yake, Waprotestanti wana yao, na shule za serikali zisizo na dini zina usimamizi wao.

Fikiria basi hali ya dola mwaka 1977 na baada yake. Kila mlango una mtu anayeajiri: koordinasyo hii, koordinasyo ile, inspekta, kamishna, rafiki wa kamishna. Kinshasa inapokea majina, inatoa fedha za zaire. Hakuna anayejua kama mwalimu aliyeandikwa katika shule ya kando ya Nyunzu yupo, amekufa, amehamia Kigoma, au alizaliwa tu kwenye karatasi. Kisha uchumi ukaanguka. Mwaka 1983 fedha ya Zaire ilishushwa thamani kwa kishindo, nchi ikafunga mkanda kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mkanda ulipofungwa ukaibana sekta yenye watumishi wengi kuliko zote. SECOPE ilizaliwa humo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu walimu vichwa, kuwatoa walimu hewa, na kuhakikisha kila jina linalolipwa lina shule, darasa na diploma. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Septemba 1986, ikatoka sheria ya elimu ya taifa, nambari 86/005, iliyotawala shule zetu hadi ilipopokewa na sheria-mfumo nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014.

Sisemi haya kwa kejeli. Wazo la SECOPE lilikuwa zuri, na kwa kiasi fulani lilikuwa la haki kuliko lililotangulia. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Kongolo aliweza, angalau kwa nadharia, kujulikana Kinshasa bila kupitia kinywa cha padri wala cha mkuu wa wilaya. Alikuwa na nambari isiyojua kabila lake wala sakramenti zake. Faili yake ilitoka kwa direkta wa shule, ikapita ofisi ya wilaya ya elimu, ikapita divisheni ya elimu ya mkoa, ikafika kwa watu wa SECOPE, ikasafiri. Ikirudi na matrikule, alikuwa mtumishi wa dola, mwenye haki na wajibu wa mtumishi, chini ya sheria ya watumishi ya tarehe 17 Julai 1981. Wazee waliokuwa kazini wakati ule bado wanataja nambari zao bila kutazama popote.

Lakini daftari zuri linahitaji pesa nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa zilikwisha. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu asilimia 9,800 katika mwaka mmoja, na mshahara wa mwalimu, ulipofika, haukutosha nauli ya kwenda kuupokea. Walimu waligoma. Shule zilifungwa. Ndipo maaskofu na wazazi, wakiona watoto wanapotea, wakakubaliana jambo lililoonekana la muda: wazazi wamlipe mwalimu wenyewe. Mchango huo uliitwa motivasio. Ulikusudiwa kudumu mpaka dola ipate nguvu, ukadumu robo ya karne.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo maadili ya kazi yalipogeuka, na mazungumzo mengi juu ya “walimu wa siku hizi” huruka mahali hapa. Motivasio iliokoa shule. Bila hiyo kizazi kizima cha Kalemie kisingejua kusoma. Lakini ilimfanya mwalimu awe mtoza kodi. Asubuhi ya Jumatatu kazi yake ya kwanza ikawa kuita majina ya wasiolipa na kuwatoa nje. Yule mtoto aliyetolewa nje alikuwa jirani yake, pengine mtoto wa dada yake. Juu ya hapo, pesa hazikubaki shuleni. Fungu lake lilipanda kwa jina la gharama za uendeshaji: la koordinasyo, la ofisi ya wilaya ya elimu, la inspekta, la divisheni. Inspekta aliyekuja kukagua shule alikuwa analishwa na shule anayoikagua. Direkta aliyepaswa kumwadhibu mwalimu mchelewaji alijua mwalimu huyo ndiye anayejaza darasa, na darasa lililojaa ndilo linalojaza sanduku. Mtu akiniuliza kwa nini nidhamu ya ualimu ililegea, sitaanza na tabia za vijana. Nitaanza na njia ya pesa.

Vita vikaongeza jambo letu wenyewe. Mwezi Agosti 1998 Kalemie iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, na mpaka nchi ilipoungana tena mwaka 2003 tulikuwa upande wa pili wa mstari wa vita. Reli ilikatika, na mishahara ya Kinshasa haikuvuka. Listingi ya SECOPE iliendelea kuishi Kinshasa, ikiwa na majina ya walimu ambao haikuweza kuwafikia, na walimu wakaendelea kufundisha Kalemie bila kuwa na hakika kama bado wamo. Wengine waliuza samaki mchana na kusahihisha madaftari usiku. Vita vilipoisha ikabidi kuhesabu upya, na kila hesabu ya upya ina watu wake wanaopotea: jina lililoandikwa vibaya, shule iliyobadilisha jina, direkta aliyekufa na rejesta yake kuungua. Wapo waliokuwa na matrikule ya enzi za Zaire wakarudi kuwa NU katika Jamhuri ya Kidemokrasia.

Amani ilileta ahadi nyingi. Mwezi Februari 2004, huko Mbudi nje ya Kinshasa, serikali na vyama vya wafanyakazi wa umma walikubaliana ngazi ya mishahara iliyoanzia dola 208 kwa mtumishi wa chini kabisa. Neno Mbudi likawa kama jina la marehemu: hutajwa kila mgomo, na hakuna aliyemwona. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Watoza motivasio waliisoma na kukunja karatasi.

Mwaka 2011 yakaja mageuzi ambayo walimu wa mjini waliyapenda na wa vijijini waliyalaani. Mishahara ilianza kupita benki. Kabla ya hapo fedha taslimu zilishuka kutoka mkono mpaka mkono, na kila mkono ulikata. Wakubwa wengine walidai fungu lirudishwe kwao, jambo lililopewa jina la heshima la “operesheni retour”. Benki ilifupisha mikono. Ila mkoa wa Tanganyika una wilaya sita, na benki hazikuwa katika vijiji vya Manono wala vya Kabalo. Mwalimu wa ndani alipanda pikipiki, alilala njiani, akalala tena mjini akisubiri foleni, na darasa lake likakaa bila mtu wiki nzima kila mwezi. Katika sehemu zisizo na benki kazi ya kulipa ikapewa Caritas, shirika la Kanisa Katoliki. Hivyo karibu miaka mia moja na thelathini baada ya Mpala, mshahara wa mwalimu wa kijijini ulirudi kutoka mkononi mwa watu wa Kanisa. Sioni ubaya katika hilo. Naona tu kwamba dola ilikuwa haijapata mguu wa kufika huko.

Sasa nidhamu yenyewe. Kwenye karatasi, mwalimu wa Kongo hajakosa sheria. Sheria ya watumishi ya 1981, iliyopokewa na sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, imeweka ngazi ya adhabu: karipio, kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kazi kwa muda bila mshahara, na mwisho kufukuzwa. Hakuna anayepanda ngazi hiyo bila kwanza kupewa barua ya kuombwa maelezo, na kila mwalimu wa hapa anaijua barua hiyo. Wengine wamepokea nyingi hata wana rafiki anayewaandikia majibu. Mwaka 2002 iliongezwa amri-sheria ya tarehe 3 Oktoba yenye kanuni za maadili ya mtumishi wa umma. Sheria ya Julai 2006 dhidi ya ukatili wa kijinsia inazidisha adhabu pale mkosaji anapokuwa mwalimu wa aliyetendewa, na sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kila mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inataka hata adhabu ya shuleni itolewe kwa utu.

Kwa hiyo maneno yapo. Kinachokosekana ni mkono mmoja wa kuyashika. Chukua mwalimu wa sekondari anayetoa alama kwa wasichana kwa kubadilishana na miili yao. Wakongomani wana mzaha mchungu juu ya alama za namna hiyo, na kila mtu anaujua. Prefe, mkuu wa shule hiyo, anapata habari. Anaweza kuandika barua, lakini kumfukuza hawezi, kwa kuwa aliyempanga ni koordinasyo. Koordinasyo inaweza kumwondoa shuleni kwake, lakini aliyemwandika kwenye listingi ni Kinshasa. Inspekta anaweza kuandika ripoti, lakini ripoti yake ni ya ufundishaji. Mahakama ipo Kalemie, lakini familia ya msichana inaitwa pembeni kwanza, inapewa kitu, na mambo yanamalizwa “kifamilia”. Mwishowe linafanyika lililo rahisi kwa wote: mwalimu anahamishwa. Anavuka kutoka mtandao wa Kikatoliki kwenda wa Kiprotestanti, au kutoka mjini kwenda Moba, na anafika na diploma ileile na matrikule ileile. Nambari ya SECOPE inakumbuka tarehe yake ya kuzaliwa, daraja lake na shule yake. Alichokifanya haikikumbuki.

Ng’ambo ya ziwa mambo yalichukua njia nyingine. Tanzania, baada ya kupitia idara na majina kadhaa, iliunda Tume ya Utumishi wa Walimu kwa sheria ya mwaka 2015, ikaanza kazi mwezi Julai 2016. Ajira, kupandishwa cheo na nidhamu ya mwalimu wa shule za umma vimo katika ofisi hiyo, yenye watu wake wilayani. Mwaka 2018 Bunge likapitisha pia sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, ya kuwasajili. Kenya ilitangulia: tume yake, TSC, ni ya mwaka 1967, na katiba ya 2010 imeitaja kwa jina. Hakuna anayeruhusiwa kufundisha Kenya bila kusajiliwa nayo, awe wa shule ya serikali au ya mtu binafsi, na inapomfuta mtu kwenye rejesta jina lake hutangazwa hadharani, ili shule ya pili isidanganywe. Walimu wa Kenya wana malalamiko yao juu ya TSC, tena mengi, na migomo yao inajulikana. Lakini wanagombana na mlango mmoja. Sisi tuna minne, na kila mmoja unaelekeza kidole kwa wa pili.

Mwezi Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma sasa ni ya bure kweli. Watoto walimiminika. Katika madarasa ya Kalemie palipokuwa na hamsini pakawa na mia. Kwa maadili ya kazi ilikuwa nafasi kubwa kuliko zote tangu 1985, maana ilikata ile njia ya pesa niliyoitaja: mwalimu wa msingi hatozi tena, inspekta hali tena kwenye sanduku la shule. Ila iliyachukua mapato ya mwalimu wa mjini siku moja, na ya dola yakaja polepole. Aliyeumia zaidi ni yule NU. Jana alikuwa analipwa na wazazi; leo wazazi wamekatazwa, na listingi haimjui.

Ghafla SECOPE ikawa ofisi muhimu kuliko wakati wowote, kwa sababu kila dola ya mpango wa bure ilipita katika daftari lake. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali mpango wa dola milioni 800 wa kusaidia elimu hiyo. Mwaka huohuo wakaguzi wa Inspeksheni Kuu ya Fedha walifungua vitabu, na walichodai kukikuta ni kilekile kilichoifanya SECOPE iundwe: shule za kubuni, walimu hewa, mishahara inayokwenda kusikojulikana. Mwaka 2021 mkurugenzi wa SECOPE pamoja na inspekta mkuu wa elimu walihukumiwa kifungo na mahakama ya Kinshasa kwa ubadhirifu. Huduma iliyozaliwa kuwafukuza walimu hewa ilikuwa imegeuka nyumba yao. Baada ya hapo likaja jina la DINACOPE, direksheni ya taifa ndani ya wizara, na zoezi jingine la kuhesabu, safari hii kwa mashine.

Je, ni chombo kipya? Sehemu yake, ndiyo. Walimu wengi waliokuwa NU wameingia kwenye malipo tangu 2019, na Kalemie kuna watu waliopokea mshahara wao wa kwanza kutoka kwa dola wakiwa na wajukuu. Lakini mwezi Septemba 2024, mwaka wa shule ulipofunguliwa, walimu wa shule za umma katika sehemu nyingi za nchi walibaki nyumbani kudai mishahara bora na kulipwa kwa wasiolipwa, na madai yao yangeweza kusomwa mwaka 2004 bila kubadilisha nukta. Wakati huohuo wilaya zetu zilikuwa bado zinajenga upya shule zilizochomwa katika mapigano ya Waluba na Watwa, yale yaliyopamba moto mwaka 2016 na 2017. Shule iliyoungua huungua na rejesta yake. Direkta wa Nyunzu anayetakiwa kuthibitisha utumishi wa walimu wake wa miaka ishirini hana karatasi, na mashine ya Kinshasa inataka karatasi.

Nchi kwa jumla inazungumza juu ya sheria maalumu ya mwalimu, itakayomtenga na mtumishi wa ofisini. Vyama vya walimu vimeidai muda mrefu. Pendekezo la kimataifa la UNESCO na ILO kuhusu hadhi ya walimu, la tarehe 5 Oktoba 1966, lilikwisha kusema kwamba kanuni za mwenendo ziandikwe pamoja na vyama vya walimu wenyewe na kwamba mwalimu anayeshtakiwa awe na haki ya kujitetea mbele ya chombo kinachoeleweka. Sheria maalumu bila chombo kitakachoitumia itakuwa barua nyingine ya kuombwa maelezo. Mimi ningeanza na dogo linalowezekana bila kusubiri Kinshasa. Divisheni ya elimu ya Kalemie, koordinasyo zote za makanisa, na mahakama ya watoto zikubaliane daftari moja la mkoa: walimu walioondolewa kwa kosa lililothibitishwa, baada ya kusikilizwa, kwa majina na matrikule zao. Daftari hilo lisomwe kila Agosti, kabla barua za kupangiwa shule hazijatiwa sahihi. Yeyote atakayetia sahihi barua ya aliyeandikwa humo, awe padri, mchungaji au mkuu wa divisheni, yeye ndiye aandikiwe barua ya kuombwa maelezo, na nakala yake ipelekwe DINACOPE, ambako nambari ya mshahara wake inajulikana.